Nguo ya Kulia

Shika ncha hii ya uzi. Usiivute bado. Katika nchi ninayokupeleka, uzi ukivutwa kabla ya saa yake, mahali fulani mtu hudondoka.

Nchi yenyewe iliitwa Pande Nne. Haikuwa na jina jingine, kwa sababu mwenye nayo, Mwana wa Jua, aliona kwamba kitu kisicho na mpaka hakihitaji jina. Huko wakati haukutembea mbele kama mtu aendaye sokoni. Ulisokotwa. Ulizunguka mahali pamoja, ukawa mwembamba, ukawa mgumu, na yaliyopita yakajiviringa juu ya yajayo kama sufu kwenye pia ya kusokotea. Ndiyo maana mtu wa huko aliweza kukaa kitako mchana kweupe, akafumba macho kidogo, akamwona kitukuu chake akipiga chafya.

Watu wa huko waliamini mambo mengi. Jambo moja hawakuliamini, walilijua tu, kama ulimi unavyoyajua meno. Uzi wa aliye hai husokotwa kulia. Uzi wa anayekwenda kuzikwa husokotwa kushoto. Nguo ya kuolewa nayo, ya kulimia, ya kubebea mtoto, ya kuanikia viazi juani: kulia. Nguo ya kushuka nayo shimoni: kushoto. Macho hayaoni tofauti hata ukiyatoa ukayasogeza karibu. Ni vidole tu, tena vidole vya mwanamke aliyeshika pia tangu hajaota meno ya pili, vinavyoweza kuubana uzi, kuuviringisha kidogo, na kusema: huu wa kulia unakwenda, huu wa kushoto unarudi.

Urpai alikuwa na vidole hivyo.

Alikuwa amechukuliwa kwao akiwa na miaka kumi, akaletwa Nyumba ya Walioteuliwa, nyumba ya kuta ndefu isiyo na dirisha upande wa barabara. Humo wanawake walisokota na kufuma nguo za Mwana wa Jua, ambaye huvaa vazi mara moja kisha likachomwa, na nguo za wale waliotolewa kwa Mlima, ambao huvaa vazi mara moja kisha likazikwa. Ukikaa ukafikiri, utaona kwamba kazi yote ya nyumba ile ilikuwa kulisha moto na shimo. Urpai alikuwa amekaa miaka ishirini na mitatu bila kufikiri. Si kwamba alikuwa mjinga. Kazi nzuri hulevya kuliko pombe ya mahindi, na yeye kazi yake ilikuwa nzuri mno.

Siku ya amri, mvua ya mawe ilikuwa inapiga mapaa. Aliingia Bwana Wamani, kijana wa kasri, joho lake limejaa manyoya ya ndege wa misituni. Huyu hakuwa mjumbe. Mjumbe hubeba maneno ya mtu. Wamani aliitwa Sauti, na alipofungua kinywa ilihesabika kwamba Mwana wa Jua mwenyewe amefungua kinywa. Nyuma yake alikuja mzee mmoja mwenye kamba shingoni, mfunga mafundo. Pande Nne hawakuandika. Neno la mfalme lilifungwa fundo kwenye kamba, na fundo likishafungwa halifunguliwi, kwa kuwa mwenye kusema ni Jua, na nani amewahi kuliona jua likirudi nyuma kusahihisha kivuli?

"Ardhi imetetemeka mara tatu," alisema Wamani. "Mlima unataka mke. Umemchagua Sisa, binti wa nyumba hii. Kabla mwezi haujafa, msokoteeni nguo ya kulia."

Hapo sikiliza vizuri, maana ndipo kisa kinapogeukia.

Kule kasrini neno kushoto lilikuwa mwiko. Kushoto ni upande wa kujisafishia, upande wa wachawi, na mtu aliyelelewa hakulitamka mbele ya masikio ya kifalme. Waliokuwa Sauti kabla ya Wamani walikuwa wazee wa vita, hawakujali, walilitema tu kama kokwa: nguo ya kushoto, basi. Wamani alikuwa na ulimi wa asali. Akatafuta neno laini. Nguo ya kulia, akasema, yaani nguo ya msiba, nguo ya machozi. Alipenda lilivyotoka. Akalirudia, taratibu, macho ameyafumba nusu: "Nguo ya kulia."

Mzee akafunga fundo. Pia ya Urpai ikasimama hewani.

*Kulia.*

Alilitafuna neno lile kama mtu aliyeng'ata kitu kigumu ndani ya chakula. Lilikuwa neno lenye milango mitatu. Ukiingia mlango wa kwanza, unalia machozi. Ukiingia wa pili, unageuka upande wa mkono wenye nguvu. Ukiingia wa tatu unafika jikoni, kwa sababu mkono wa kulia ndio mkono wa kulia chakula. Aliyelitunga neno hili, Urpai aliwaza, lazima alikuwa mwanamke. Alikuwa na msiba, na alikuwa na njaa, na hakuacha kazi.

Wamani alikwishaondoka. Mawe ya mvua yalikuwa yanayeyuka uani.

Sisa alikuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo wa bibi wa sabini. Alikuja akakaa karibu na Urpai, akayafunika magoti yake kwa mtandio.

"Dada Urpai, huko juu kuna chawa?"

"Chawa hawapendi baridi."

"Basi nitakosa hata wa kukuna naye."

Wanawake wakacheka, kisha wakashika midomo yao.

"Wanasema nitakuwa mke wa Mlima," Sisa aliendelea. "Mume gani huyo? Hakuja kuposa, hakutuma mtu, hajaleta hata kuni. Amekaa tu kule, amejifunika shuka lake jeupe, anangoja apelekewe. Kwetu mwanamume wa namna hiyo angebaki na mama yake mpaka azeeke."

"Nyamaza, mtoto."

"Nikinyamaza nitakuwa nimeanza kufa, dada." Akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Nishike mkono. Usinitazame."

Urpai akaushika bila kuutazama. Mkono ulikuwa umekakamaa kama uzi uliokazwa kupita kiasi, ambao unajua, kabla ya msokotaji, mahali utakapokatikia.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Urpai alifumba macho akaingia kwenye chumba cha kioo.

Hakikuwa chumba cha Pande Nne. Kilikuwa na mwanga lakini hakikuwa na moto. Watu walipita humo wakinong'ona, wamevaa nguo zilizokatwa kwa chuma kisha zikashonwa, kama majeraha. Kwa Urpai hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko yote, maana katika nyumba yake nguo haikatwi kamwe. Hufumwa mpaka pindo zote nne zijifunge zenyewe, ikazaliwa nzima kama yai. Katikati ya chumba, nyuma ya kioo, alikaa Kori.

Kori alikuwa ametolewa kwa Mlima miaka kumi na miwili nyuma. Hapa alikuwa amekaa miaka mia tano. Miguu ameikunja, kichwa kimelala begani, nywele zimesukwa misuko midogomidogo, na gauni lake, la manjano na wekundu wa damu ya mdudu, lilikuwa zima, halijapoteza hata uzi mmoja. Pini mbili za fedha mabegani. Mshipi. Mtandio. Manyoya meupe kichwani. Urpai alilijua lile gauni. Alilisokota yeye, kushoto, uzi baada ya uzi, na alipolimaliza alisifiwa, na aliposifiwa alifurahi. Siku nzima alifurahi. Pindoni, safu ya tatu, aliweka uzi mmoja mwekundu palipostahili njano. Lilikuwa kosa, akaliacha, akasema moyoni: hii ni alama yangu.

Akaja mama mmoja na mtoto.

"Mama, amelala?"

"Amelala."

"Nguo yake nzuri."

"Nzuri sana."

"Nani alimvisha?"

Mama akainama kusoma kibao chenye alama kama nyayo za ndege. Akasoma chote. "Hawajaandika," alisema.

"Ni mimi!" Urpai akapiga kioo. "Nimeandikwa! Pindoni, safu ya tatu, uzi mwekundu!" Hawakusikia. Wakati ule kioo kikamrudishia uso wake, ukakaa juu ya mabega ya Kori, ukamwenea sawasawa. Kisha ukawa uso wa Sisa. Kisha wa mtoto aliyeuliza. Kisha wa Kori tena, ambaye hakuinua kichwa. Ingekuwa afadhali angekiinua.

Nani alimuua Kori? Urpai alijiuliza.

Mfalme? Mfalme hajawahi kushika hata pini. Sauti ya mfalme? Ilitikisa ulimi tu, na ulimi haujamwua mtu kwa baridi. Mlima? Mlima ni jiwe lililochoka kulala. Aliyechimba shimo aliambiwa chimba. Aliyeshika kikombe aliambiwa mnyweshe. Kila mmoja ukimuuliza atakuonyesha aliye juu yake, na utapanda hivyo, kidole baada ya kidole, mpaka ufike kwenye Jua, na Jua ukilitazama unapofuka. Basi shuka. Rudi chini. Tafuta mahali ambapo amri ilikuwa bado ni pumzi na mtu mmoja akaigeuza kuwa kitu kinachoshikika. Amri ni upepo mpaka ipate kidole. Kidole kilikuwa changu. Kilikuwa changu, na kilifanya kazi nzuri.

Urpai akafungua macho. Jua halikuwa limesogea. Akachukua pia, akafunga sufu mpya nchani, akaizungusha.

Kulia.

Ilikuwa desturi ya Mama Chimpu, mkuu wa Nyumba, kupita kila asubuhi akishika nyuzi za kila mwanamke. Alikuwa mzee, na macho yake yalikwishafunikwa na ukungu, lakini vidole vyake havikuwa na umri. Siku ya nne alifika kwa Urpai, akabana uzi, akauviringisha. Akauviringisha tena.

"Urpai."

"Labeka, Mama."

"Uzi huu unakwenda wapi?"

"Unakwenda ulikoamriwa, Mama."

"Nimeuliza unakwenda wapi. Sikuuliza nani kautuma."

"Unakwenda kulia."

Pia zote za chumba zikasimama.

"Umelewa wewe?"

"Sijalewa. Bwana Wamani alisema nguo ya kulia, na fundo limefungwa. Mimi ni nani hata nilisokote kushoto neno la Mwana wa Jua?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Alikusudia kulia machozi."

"Hakuyataja machozi, Mama."

"Mlima ukipelekewa mtu aliyevaa ya walio hai utamtapika. Utatutapika sote."

"Mlima umekwishakula wangapi, Mama? Na ardhi imeacha kutetemeka?"

Mama Chimpu alibaki ameushika uzi kama mtu aliyeshika mkia wa mnyama asiyemwona. Kisha akaketi pale pale sakafuni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Nimevisha tisa," alisema. "Tisa, kwa mikono hii. Unadhani ni wewe peke yako unayekiona chumba cha kioo?"

Kutoka kona ya chumba mwanamke mmoja akaanza kulia polepole. Mwingine akasema, "Mimi humwona yule mdogo, aliyevalishwa mshipi wangu." Mwingine akasema, "Mimi nilidhani ni wazimu." Miaka yote ile kila mmoja alikuwa ameketi na kioo chake kifuani, bega kwa bega na mwenzake, wakizungumza habari za rangi na hali ya hewa.

"Sokota," alisema Mama Chimpu, akisimama kwa kushika ukuta. "Mimi sijaona kitu, na kila mtu anajua sioni. Lakini kule juu sheria ni kwamba mkubwa wa Nyumba ashike pindo, aseme. Nitaulizwa, Urpai. Nikisema *inarudi*, mtoto anashuka shimoni. Nikisema *inakwenda*, sijui nani atashuka. Nami, mwanangu, nimefika umri wa kuogopa. Usinitegemee."

Alipotoka, mwanamke yule wa kona alikwenda kwenye mitungi mikubwa iliyowekewa akiba ya uzi wa kushoto, uzi wa shimo, akatoa donge moja, akalifunga kwenye pia, akalizungusha kulia. Uzi wa kushoto ukizungushwa kulia hufunguka. Hulegea, hupumua, hurudi kuwa sufu, kama vile haujawahi kuambiwa kitu. Wengine wakamfuata. Walitoka nao uani, kwenye jua, wote kumi na wawili, wakaifungua mauti ya mwaka mzima mchana kweupe. Mlinzi wa lango aliwatazama. Aliona wanawake wanasokota. Ndicho alichokuwa anakiona kila siku.

Ukabaki uzi kidogo tu wa kushoto, wa kujaa kiganjani. Huo Urpai aliuomba, kwa ajili ya mwanasesere.

Kila anayekwenda kwa Mlima hupewa mwanasesere wa kuzikwa naye: mwanamke wa fedha, kimo cha kiganja, amesimama uchi, mikono kifuani, akingoja kuvishwa. Urpai alimfumia gauni lenye upana wa vidole vinne. Mtandio. Mshipi mwembamba kama mshipa wa jani. Pini mbili zisizozidi mwiba. Manyoya mekundu ya kichwani. Kila kitu kama cha Sisa, ila kimoja kinakwenda na kingine kinarudi.

Walipanda siku tatu. Siku hizo tatu mke wa Mlima hufunga, hali kitu, hupewa tu majani ya kutafuna na pombe ya mahindi ya kumlegeza. Walikuwa wanawake saba wa Nyumba, wachimbaji wawili, mfunga mafundo, Wamani, na Sisa katikati amevaa gauni lake lisilo na mkato, linang'aa juu ya theluji hata ikawa shida kumtazama.

Shimo lilikuwa tayari, kifuani mwa Mlima, limejengewa mawe kama chumba kidogo cha mtu asiye na wageni. Sisa alikuwa anayumba. Majani yalikuwa yameujaza mdomo wake, lakini hayakuufunga.

"Bwana harusi yuko wapi? Mbona simwoni hata mshenga?"

"Mshenga ni mimi," alisema Wamani.

"Wewe? Una kamasi."

Wamani akapangusa pua. Hakucheka mtu, bado. "Mama Chimpu," alisema. "Shika pindo, useme."

Wewe uliyeshika ncha, usilegeze sasa.

Mama Chimpu akapiga magoti, viungo vikaalika. Akalitafuta pindo la gauni kwa kupapasa, akalipata, akalibana. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, na alikuwa amelisema mara tisa. Urpai aliona midomo ya mzee ikiliandaa. Aliona vidole vikiuviringisha uzi, vikisita, vikiuviringisha tena, kama vile vinasalimiana na mtu vilivyodhani hakuja. Upepo ulipita. Sisa aliangalia chini, kwenye utosi wa yule mzee, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema kitu.

"Inakwenda," alisema Mama Chimpu.

"Umesemaje?"

"Inakwenda, bwana. Nguo hii inakwenda. Haina habari ya kurudi."

Wachimbaji wakaweka zana zao chini.

"Nani aliyesokota?"

"Mimi," alisema Urpai.

"Kwa idhini ya nani?"

"Kwa amri yako. Ulisema nguo ya kulia." Akainua mkono wake wa kulia, akaugeuza mbele nyuma mbele ya uso wake, kama mtu anayemwonyesha mtoto. "Ndiyo hii."

Ilichukua muda. Waliona neno la Wamani mwenyewe likizunguka mdomoni mwake, likitafuta pa kukaa.

"Nilikusudia machozi!"

"Makusudio hayafungwi fundo, bwana."

Wamani akamgeukia mzee wa kamba. "Soma."

Mzee akaitafuta kamba, akapitisha dole gumba. "Msokoteeni," alisoma. "Nguo. Ya. Kulia." Dole gumba likasogea. "Nguo ya kulia. Mara mbili, bwana. Ulilirudia."

"Lifungue!"

"Hili ni neno la Mwana wa Jua. Nikilifungua nitakuwa nimesema kwamba Mwana wa Jua alikosea." Mzee alimtazama kwa upole kabisa. "Niseme?"

Hapo ndipo Urpai alipomwona vizuri yule kijana. Alikuwa anaogopa. Nyuma ya Sauti kulikuwa na koo, na koo lilikuwa jembamba, na lilikuwa la mtu. Huruma ilimjia, akaikanyaga. Kori naye alikuwa na koo.

"Basi sokoteni nyingine," Wamani alipiga kelele. "Hapa hapa! Kushoto!"

"Yoo, amelitaja!" alisema mwanamke mmoja, akijiziba masikio.

"Tena mbele ya Mlima," alisema mwingine. "Na malezi yote yale ya kasri!"

"Sokoteni kushoto, nimesema!"

"Tumesahau," alisema Urpai.

"Mmesahau nini?"

"Kushoto. Vidole vimesahau. Labda kwa baridi." Akamnyoshea pia yake, uzi ukining'inia. "Tuonyeshe, bwana. Mwana wa Jua anajua kila kitu, na wewe ndiwe sauti yake."

Wamani aliichukua. Sijui ni hasira au ni ujana. Aliishika kama mtu anavyoshika panya, akaizungusha, na mkono wake, uliokula kulia na kuamkia kulia maisha yake yote, ukaizungusha kulia. Akang'amua. Akaigeuza. Pia ikarudi kinyume, na uzi wa Urpai ukafanya kile ambacho uzi hufanya: ukalegea, ukafunguka, ukawa sufu vidoleni mwake, ukakatika. Pia ikaanguka, ikabingiria mpaka miguuni mwa Sisa.

Sisa akaitazama. Akamtazama Wamani.

"Hata kusokota hajui," alisema, "na ametoka kwao kuja kuozesha watu!"

Akacheka. Wakacheka wanawake saba. Mchimbaji mmoja akageuka kando, mabega yakimtikisika. Kwa kumbukumbu ya Pande Nne hakuna aliyewahi kucheka mahali pale, na theluji haikuporomoka.

"Nitakutia wewe shimoni!" Wamani alimwambia Urpai.

"Nimevaa kulia, bwana. Sisi sote. Na hilo joho lako nalo nani alilisokota? Nchi nzima haina tena uzi wa kushoto. Uliobaki ni huu." Akatoa mwanasesere kifuani, akamsimamisha kiganjani. Manyoya yake mekundu yakapepea. "Mlima umetaka mke aliyevaa inayorudi. Mke huyu hapa. Wa fedha. Haumwi, hazeeki, hali, halii. Fundo halikusema ukubwa wake."

"Fundo lilisema Sisa," Wamani alinong'ona.

"Sisa amechaguliwa. Amekuja. Nguo imekwenda. Sheria ya nguo ni kubwa kuliko mimi na wewe."

Mama Chimpu alikuwa bado amepiga magoti. Akanyosha mkono, akapapasa kile kigauni cha vidole vinne, akabana pindo lake dogo.

"Inarudi," alisema, kwa sauti ya sheria, sauti aliyoitumia mara tisa. Kisha akaongeza, kwa sauti yake mwenyewe, "Na hii ni ya mwisho."

Wamani aliangalia shimo, akaangalia kamba, akaangalia njia ya kushukia. Mwishowe akamwashiria mzee. Mzee akafunga fundo jipya: *Mlima umepewa mke, amevaa kamili.* Hakuna neno la uongo ndani yake. Mwanasesere akalazwa kwenye chumba cha mawe, peke yake, katika nafasi iliyochimbwa kwa mtu. Na kwa kuwa mwenye nguvu akishindwa lazima avunje kitu, Wamani akaiokota pia ya Urpai, akaivunja gotini, akaitupa humo.

"Mkono wako wa kulia hautashika pia tena," alisema.

"Utapata cha kushika," alisema Urpai.

Miaka mia tano mbele, katika chumba chenye mwanga bila moto, mtoto alisimama mbele ya kioo kingine. Humo kulikuwa na mwanamke wa fedha wa kimo cha kiganja, na vipande viwili vya kijiti. "Mama," aliuliza, "mtu mwenyewe yuko wapi?" Mama akainama akasoma kibao, chote. Akasimama. "Hawakumpata," alisema. Nao wakapita, wakafika kwa Kori. Kori bado alikuwa pale. Uzi mwekundu ulikuwa safu ya tatu.

Chini ya mstari wa theluji kulikuwa na kibanda cha wasafiri. Waliingia, wakawasha moto wa samadi, wakachemsha viazi kwa maganda yake. Urpai alimega kimoja, akakitia chumvi, akakisogeza mbele ya Sisa kwenye bakuli.

"Kula."

"Sijafungua."

"Fungua sasa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya tumbo lako."

Sisa alilitazama bakuli kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mlango wa nyumba ya watu. Kisha akautoa mkono wa kulia chini ya mtandio, akachukua kiazi, akakitia kinywani kizima.

"Dada, moto!"

"Kiteme."

"Sitemi!" Alitafuna. Mvuke ulimtoka puani. Akachukua cha pili kabla hajameza cha kwanza, na hapo machozi yakaja, mengi, bila kuomba njia, yakamchuruzika mpaka kwenye pindo la lile gauni linalokwenda. Akawa anakula akilia, analia akila, na mkono ule ule uliopangusa macho ukawa unarudi bakulini. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo umejaa, mpaka wachimbaji waliokuwa nje wakachungulia.

Urpai hakumwambia anyamaze.